Akili mnemba inashauri, mwenye duka ndiye anayechagua

Mwaka 2023 watafiti wa vyuo vikuu vya Marekani, wakiwamo wa Berkeley na Harvard, waliwapa wafanyabiashara wadogo nchini Kenya mshauri asiyelala wala kuchoka. Alikaa ndani ya WhatsApp, akiendeshwa na akili mnemba ya GPT-4. Mwenye biashara aliandika swali lake saa yoyote, na jibu likaja papo hapo. Walioshiriki walikuwa 640. Waligawanywa kwa bahati nasibu: kundi moja likapata mshauri huyo, jingine likapewa mwongozo wa kawaida wa biashara. Kisha mauzo na faida za wote zikafuatiliwa katika jaribio la miezi mitano.

Ukitazama wastani wa kundi zima, mshauri hakuleta tofauti ya maana. Lakini ndani ya wastani huo kulikuwa na mambo mawili yanayokwenda kinyume. Waliokuwa wakifanya vizuri tangu mwanzo walipanda kwa zaidi ya asilimia 15. Waliokuwa wakisuasua waliteremka kwa asilimia 8 hadi 10. Mshauri alikuwa yuleyule na nchi ni ileile, lakini mmoja aliinuka na mwingine akazidi kuzama.

Kazi hiyo ya kina Nicholas Otis na Rembrand Koning inastahili kusomwa na kila anayezungumzia ujasiriamali Afrika Mashariki, kwa sababu inapingana na jambo ambalo tumeshaanza kuliamini. Miji yetu imejaa semina za akili mnemba, na ujumbe wake ni mmoja: jifunze kuiuliza mashine vizuri, biashara itanyooka. Wale waliosuasua nao waliuliza. Mwanzoni watafiti walidhani tatizo lilikuwa ugumu wa mambo waliyoyaulizia. Walipochambua zaidi, waliona kwamba maswali na majibu hayakuwa na tofauti ya kueleza pengo hilo. Pengo lilitokana na kile ambacho kila mmoja alikiokota katika majibu, na jinsi alivyokitekeleza.

Waliosuasua walielekea kuchukua ushauri wa jumla, ule unaoweza kumfaa mtu yeyote popote: punguza bei, ongeza matangazo. Waliofanya vizuri walipekua majibu mpaka wakapata lililogusa tatizo lao wenyewe, kwa mfano nishati nyingine ya kutumia umeme unapokatika.

Hapo kwenye "punguza bei" panahitaji kutazamwa kwa karibu, maana ndipo mitaji mingi midogo inapofia.

Tumchukue mama lishe anayeuza karibu na gereji za mtaani. Sahani ya wali, maharage na mboga anaiuza Sh2,000. Mchele, maharage, mafuta, nyanya na mkaa vinamgharimu Sh1,500 kwa sahani. Kila sahani inamwachia Sh500, na akiuza 60 kwa siku amebakiwa na Sh30,000, ambazo humo bado atatoa ushuru, ujira wa msaidizi na nauli. Sasa ashauriwe apunguze bei kwa asilimia 10 ili avute wateja. Sahani inakuwa Sh1,800, na kinachobaki ni Sh300. Ili apate zile Sh30,000 za jana, lazima auze sahani 100.

Mashine inaweza kupiga hesabu hiyo vizuri ikielezwa. Ambacho haikioni ni mabenchi. Mama huyu ana mabenchi mawili yanayokaa watu kumi. Wateja wake ni mafundi, na mafundi wanakula kati ya saa saba na saa nane mchana, kila mmoja dakika kumi, akanawe arudi kwenye gari lililofunguliwa injini. Watu kumi kwa dakika kumi ni sahani 60 kwa saa. Alikuwa amejaa tayari! Hata kama wateja 40 wa ziada wangevutiwa na bei mpya, wangekuta hakuna pa kukaa, nao wale 60 wa zamani wangekuwa wanakula kwa bei inayomtafuna yeye.

Ana shida nyingine pia ambayo hajaitaja kwa mtu yeyote: daftari. Mafundi wanakula wiki nzima kwa kuandikiwa, wanalipa Jumamosi, na kuna Jumamosi ambazo magari hayakuchukuliwa na wenyewe, kwa hiyo hakuna aliyelipwa. Swali lake halisi ni jinsi ya kukusanya deni bila kuwafukuza wateja, na jinsi ya kuuza nje ya ile saa moja. Labda atoke na hotpoti saa tano kuwapelekea wauza spea wasioweza kufunga maduka. Labda aongeze chapati na supu asubuhi. Ushauri wa namna hiyo huenda ulikuwamo kwenye jibu la mashine, mstari wa sita katika orodha ya mistari kumi, katikati ya "boresha huduma kwa mteja" na "fungua ukurasa wa Instagram". Anayelijua benchi lake ataliona hilo moja na kuyaacha yale tisa. Asiyelijua ataanza na namba moja.

Huo ndio ujuzi ninaouzungumzia. Kujua lipi la kuchukua ni kazi kubwa kuliko kuuliza, na zama hizi ambazo ushauri umekuwa wa bure na hauna kikomo, ndiyo kazi yenyewe. Masoko yetu yana watu wengi wenye ujuzi huo. Kinachonisikitisha ni kwamba hatujawahi kuuheshimu kama elimu.

Mashine hizi zimejifunza kwa maandishi, na sehemu kubwa ya maandishi hayo ni Kiingereza, yaliyotoka kwenye uchumi wa namna nyingine. Dalali yupi wa nyanya pale Ilala, Dar es Salaam, anapima kwa haki, gunia la viazi likijazwa lumbesa nani anayeumia kati ya mkulima na muuzaji wa rejareja, mahindi ya Tandale yameanza kupanda bei kwa sababu gani wiki hii: mambo haya hukaa vinywani, yanahama kwa simu na kwa kusimama dukani. Kazi ya kuipatia mashine Kiswahili inaendelea, na ni kazi njema. Mradi wa Common Voice umekusanya sauti za wazungumzaji wa Kiswahili waliojitolea, na mwaka 2023 shirika la Jacaranda Health la Kenya lilitoa UlizaLlama, programu ya akili mnemba iliyofundishwa Kiswahili kwa ajili ya kuwajibu akina mama wajawazito na waliojifungua. Hata hivyo, mashine inaweza kukijua Kiswahili sanifu chote na bado isijue kitu kuhusu mali kauli.

Anayefungasha mzigo Kariakoo anaujua utaratibu huu. Mwenye duka la mkoani anaondoka na mzigo wa mamilioni akiwa amelipa sehemu tu, au hajalipa kabisa, kwa neno lake. Kilichobaki kitakuja baada ya kuuza. Mtazame mwenye duka la jumla anavyoamua. Anauliza duka liko mtaa gani na linapakana na nani. Anauliza mzigo uliopita uliisha lini. Halafu, akiwa anahesabu madazeni kama mtu asiye na haraka, anauliza kwa nini saizi kubwa zilibaki. Swali hili ndilo lenye uzito. Anayeuza kweli anajua kwa nini zilibaki: rangi ilikuwa nzito, au shule zilifunguliwa na watu wakahamishia hela kwenye sare. Anayebabaisha atasema biashara ni ngumu. Mmoja anapewa mzigo, mwingine anaambiwa aanze kidogo kwanza, kwa fedha taslimu.

Deni likichelewa, kuna namna ya kuchelewa. Anayepiga simu kabla ya tarehe na kueleza kwamba mvua zimekata barabara na wateja wake hawajavuna, anaongezewa siku, mara nyingine anaongezewa na mzigo. Anayezima simu habari zake zitafika maduka ya mtaa mzima kabla ya adhuhuri. Hakuna aliyefundishwa hili darasani. Kijana analipata kwa kukaa dukani miaka, akianza kwa kufagia na kubeba, akisikiliza maongezi yasiyomhusu.

Nisiupambe utaratibu huu kupita kiasi. Mali kauli inamfaa mwenye mtu wa kumtambulisha. Mgeni mjini, binti asiye na mjomba sokoni, kijana wa kabila au dini isiyo na maduka mtaani hapo, wote hao husimama nje ya mlango muda mrefu. Kwao hao mashine imefanya kitu kikubwa. M-Shwari ilipoanza Kenya mwishoni mwa 2012, na M-Pawa ilipokuja Tanzania mwaka 2014, mtu aliweza kupata mkopo mdogo kwa kumbukumbu za simu yake tu, bila dhamana na bila mdhamini. Hesabu za kompyuta zilimwamini mtu ambaye mtaa ulikuwa haujamfahamu.

Kisha tukaona upande wa pili. Zikaja programu za mikopo ambazo mkopaji akichelewa, ujumbe wa kumdhalilisha unatumwa kwa kila aliye kwenye orodha ya simu yake: mama mkwe, mwajiri, mchungaji. Kenya ilitunga kanuni za watoa mikopo ya kidijitali mwaka 2022, na Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Zile programu zilijua namba za ndugu wote wa mkopaji na hazikujua kwamba mvua ilikata barabara. Hazikuwa na mtu wa kupigiwa simu akaelewa. Kwa mfanyabiashara aliyekwama, kukosa mtu huyo ndiko kunakogeuza deni la wiki mbili kuwa aibu ya maisha.

Ipo pia kazi ambayo mashine inaifanya vizuri kuliko sisi, na ni kujidanganya kuikataa. Programu ya Nuru, iliyotengenezwa na PlantVillage ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania pamoja na taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA, inatambua magonjwa ya mihogo kwa kamera ya simu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020, Nuru ilipatia dalili kwa asilimia 65, maofisa ugani wakapatia kati ya 40 na 58, na wakulima kati ya 18 na 31. Ikiangalia majani sita ya mmea mmoja badala ya moja, inapanda hadi kati ya asilimia 74 na 88. Mtu anayeuza vipando vya mihogo, ambaye jina lake linategemea vipando hivyo kuwa salama, angekuwa anajinyima akiiacha simu mfukoni.

Tofauti na ule ushauri wa WhatsApp ni kwamba jani lina jibu moja: linaugua au haliugui. Swali limeshafungwa. Biashara ni rundo la maswali ambayo hakuna aliyeyafunga, na mara nyingi mwenyewe hajui hata lipi ni swali. Kumwambia mkulima na mama lishe kwa pamoja kwamba "AI itawasaidia" ni kuchanganya kazi mbili zisizofanana. Mmoja akabidhiwe chombo leo hii. Mwingine anahitaji kitu kingine kwanza.

Kitu hicho kingine tunaweza kukiona vizuri katika historia ya M-Pesa, ambayo kila mtu anadhani anaijua. Huduma hiyo haikubuniwa kwa ajili ya kutuma fedha nyumbani. Majaribio yake ya mwaka 2005 nchini Kenya yalilenga kuwawezesha wakopaji wa taasisi ya Faulu kurejesha mikopo yao kwa simu. Waliokuwa kwenye majaribio wakaanza kuifanyia mambo yao: wakatumiana fedha, wenye biashara wakalipana, na wasafiri wakaweka fedha walikotoka na kuzitoa walikofika ili wasitembee na burungutu njiani. Wasimamizi wangeweza kuyahesabu hayo kuwa matumizi mabaya ya mfumo na kuyazuia. Waliuliza watu wanafanya nini na kwa nini. Huduma ilipozinduliwa Machi 2007, shughuli ya mkopo ilikuwa imewekwa kando na kutuma fedha ndiko kuliko mbele. Teknolojia ilikuwa ya ujumbe mfupi wa kawaida. Kilichokuwa adimu ni mtu wa kutazama mteja akikosea maelekezo na kutambua kwamba mteja ndiye aliyepatia.

Je, ujuzi wa namna hiyo unafundishika, au mtu anazaliwa nao? Unafundishika, na ushahidi upo. Mjini Lomé, Togo, wafanyabiashara wadogo 1,500 waligawanywa makundi matatu. Kundi moja lilipata mafunzo ya kawaida: hesabu, masoko, fedha. La pili lilipata mafunzo yaliyotokana na saikolojia, yaliyowazoesha kujianzishia mambo bila kusubiri kuambiwa, kutazama mbele, kujitofautisha na jirani anayeuza kitu kilekile, na kutokata tamaa baada ya kikwazo cha kwanza. La tatu halikupata kitu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017 katika jarida la Science: waliofunzwa kujianzishia waliongeza faida kwa asilimia 30. Wale wa mafunzo ya kawaida walionekana kuongeza 11, kiwango ambacho kitakwimu hakitofautiani na kutopata kitu.

Utafiti ninaoupenda zaidi, hata hivyo, ni wa Dandora, mtaa wa Nairobi unaojulikana kwa jalala lake. Wanawake wenye biashara changa walipewa ama darasa la biashara, ama mwenzao mzoefu wa hapohapo Dandora wa kumtembelea na kumuuliza. Darasa halikuongeza faida. Waliopata mwenzao mzoefu waliongeza faida kwa wastani wa asilimia 20. Siri yao kubwa ilikuwa ndogo kuitamka: dada mzoefu aliwaambia mzigo ununuliwe wapi kwa bei nafuu. Habari za soko la karibu, za wiki hiyo, kutoka kwa mtu anayeweza kusema "nenda kwa fulani, mwambie nimekutuma." Na faida hiyo ilififia jinsi mahusiano hayo yalivyokatika, kwa kuwa habari za soko huchakaa haraka, na aliyekuwa akizileta hakuwa tena karibu.

Ukiziweka pamoja tafiti hizi tatu, ya WhatsApp, ya Lomé na ya Dandora, unaona mpangilio wa kazi. Kwanza mtu awe na mzoefu wa kumwonesha soko lake. Awe amezoezwa kujianzishia. Halafu ndipo mshauri wa kwenye simu amkute akiwa na macho ya kuchagua, kama wale walioinuka Kenya. Sisi tunaanzia mwisho. Tunampa kijana simu na programu, tunamwita mjasiriamali wa kidijitali, na akianguka tunasema hakuwa na nidhamu.

Hapa Tanzania tunapo mahali pa kuanzia. SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, imekuwapo tangu 1973. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, inao utaratibu wa kurasimisha ujuzi, ambapo fundi aliyejifunzia mtaani anapimwa na kupewa cheti bila kurudishwa darasani. Hilo ni jambo la heshima, na sioni kwa nini liishie kwa waashi, mafundi magari na wapishi. Mwanamke aliyekaa sokoni miaka ishirini, anayeweza kukwambia kwa kuona tu karo za Januari kwamba Februari usifungashe viatu vya mtoko, ana ujuzi unaopimika. Apimwe, apewe cheti cha kufundisha wengine, na alipwe.

Fedha za kuanzia nazo zipo. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 kutokana na kasoro za usimamizi, ikarejeshwa mwaka uliofuata. Kabla ya fedha kutoka, vikundi hupewa mafunzo. Yanayotolewa mara nyingi ni ya ukumbini: katiba ya kikundi, kumbukumbu za fedha, marejesho, na siku hizi kipengele cha teknolojia. Yote yana umuhimu wake, hasa kumbukumbu za fedha. Lakini siku moja kati ya hizo ingetosha kuanza jaribio. Kikundi cha wanawake watano wanaotaka kuuza dagaa kiondoke ukumbini alfajiri, kiende soko la samaki, feri au mwaloni, na mchuuzi mwenye cheti, kimwone akichambua, akikataa gunia la tatu, akipatana, akiahidi na akiandika. Saa nne, jua likiwa limepanda, wakae wafungue simu waiulize akili mnemba jinsi ya kuanza biashara ya dagaa. Mchuuzi asome majibu pamoja nao kwa sauti, aseme hili ndiyo, hili kwa hapa haliwezekani, na kwa nini. Arudi kuwatembelea kila mwezi kwa mwaka mzima, maana Dandora imetuonesha kinachotokea ziara zikikoma, na halmashauri zinazolipa posho za wakufunzi wa ukumbini zimlipe na yeye.